Uso wa Bi Siwema

Mtu akizikwa, picha zake zote hufutika siku hiyo hiyo, za kwenye simu na za ukutani. Sheria inaruhusu kibaki kilichochorwa kwa mkono tu. Kwa hiyo Bi Siwema alipofariki, familia ilimwomba Nasoro amchore kabla ya arobaini. Bi Siwema ndiye aliyemfundisha uchoraji, miaka kumi na tisa.

Nasoro alianza na mikono. Ilikuja yenyewe, mpaka kovu la kidole gumba. Kanga nayo ikaja. Lakini uso ulikataa. Siku ya tano ndipo alipoelewa: miaka yote ile alikuwa akitazama mikono ya mwalimu wake ikifanya kazi, na kila aliposemeshwa aliinamisha macho kwa heshima.

Akamwita Mwanaisha, binti wa marehemu.

"Dada, pua yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa... Kaka, mimi nilizoea kumwona kwenye simu."

Kisha Mwanaisha akavuta kiti, akaketi karibu na dirisha.

"Nichore mimi. Watu walisema tunafanana. Nizeeshe tu."

Siku ya arobaini wageni walisimama mbele ya picha wakilia. "Ndiye hasa," walisema, na Mwanaisha akalia nao.

Nasoro alitoka akakaa uani peke yake. Alifumba macho kumtafuta mwalimu wake. Aliyemjia ni Mwanaisha, mwenye mvi, akimtazama.