Rangi Mbichi

Rangi ya chuma hushika maneno inapokauka; ukitega sikio kwenye chuma, utayasikia. Ndiyo maana sisi tunaofufua fremu za baiskeli za zamani hunyamaza tukishapaka.

Bi Siwatu aliniletea baiskeli ya marehemu mumewe, aliyoipaka rangi mwenyewe mwaka wa ndoa yao. Kutu ilikuwa imefika kwenye maungio. Nilimwambia wazi kwamba nisipokwangua, fremu itakatika, na nikikwangua, sauti ya mumewe iliyo kwenye rangi itapotea.

Aliinama akaisikiliza: “Siwatu wangu, panda nyuma, usiogope.”

“Kwangua,” akasema. “Lakini maneno hayo uyarudie wewe, fundi. Sauti yako nzito kama yake.”

“Mama, una masihara!”

Hakuwa na masihara. Nami nilisoma fizikia shule ya jioni, nikatamani kuona kama sauti yangu itasikika kama yake. Nilipiga msasa hadi chuma kikang’aa, nikapaka kopo langu la mwisho la rangi, nikanong’ona: “Siwatu wangu, panda nyuma, usiogope.”

Mke wangu Nyamizi alikuwa mlangoni na chai.

“Huyo Siwatu wako ni nani, Baba Kulwa?”

Nikaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Akaongeza sauti.