Sauti ya Mtoto

Wanamuziki wanne walikuwa wakifanya mazoezi ya muziki uliotungwa kutokana na utenzi wa kale wa Waslavi wa Ulaya Mashariki: mama anamwita bintiye aliyezama mtoni. Fidla ya Tunu ndiyo ilikuwa sauti ya mtoto, na ilipaswa kunyamaza kabla ya mwisho. Kwa mara ya tatu, Tunu hakunyamaza.

"Dada Tunu, hapo mtoto keshakufa," alisema Mahfudhi, mpiga sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Papo hapo akajiuma ulimi, maana bintiye Tunu alizikwa mwezi uliopita. "Nisamehe, dada'angu."

"Najua pa kunyamaza, kaka. Mkono ndio haukubali."

Wakaanza upya. Walipofika pale, Tunu aliinua uta kutoka kwenye nyuzi za fidla, akaushikilia hewani, na wenzake wakazidi kupunguza mwendo, hakuna aliyetaka kumaliza.