Punguza Tena

"Punguza tena," mama Katungu alisema.

Yunus alishusha pumzi mbele ya kompyuta ya kibanda chake. Tangu asubuhi alikuwa ameibana video ileile ya mama, ya dakika mbili, mara tatu, na umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umemkatikia njiani mara mbili. Alichoka kabisa. Miaka yote kazi yake ni kubana video ziingie kwenye simu bila kuharibu sura za watu, na leo anaombwa aiharibu sura yenyewe.

"Mama, picha hii iko mistari mia tatu na sitini tu. Itapita muzuri. Kama shida ni mégas za kutuma, nitatuma na wifi ya hapa."

"Haiko mégas, papa Yunus."

Mama alishusha kitambaa begani. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza kama kishikio cha ndoo.

"Jérôme akiona hivi, ataacha masomo yake ya informatique kule Ubelgiji, atapanda ndege kesho. Namujua mutoto yangu. Amebakisha mwaka moja. Acha afikiri ni réseau ya simu iko mubaya."

Yunus alishuka hadi mistari 144, picha kumi kwa sekunde. Sauti peke yake aliiacha safi, maana kwenye video ile mama alicheka vizuri, na kicheko hakina uzito wa kilo.

Mama Katungu akatazama uso wake uliogeuka doa la kahawia.

"Bon," alisema. "Hapo niko munene."

Siku nne baadaye alirudi na simu mkononi, ameshika ukuta ili apumue. Jérôme alikuwa amejibu kwa video.

"Unisafishie hii. Namusikia, lakini sura siioni."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na doa la kahawia, na ndani yake Jérôme akicheka, sauti safi kama yuko chumbani.

"Papa Yunus, ata Ulaya réseau inakuwa hivi?"

Kwa mazoea, Yunus alifungua kwenye kompyuta maelezo ya faili ya Jérôme, pale ambapo programu huandika kila alichochagua mtu aliyeibana video. Akasoma mara moja, akasoma tena.

Mistari 144. Picha kumi kwa sekunde. Sauti: ubora wa juu.

Akafunga kompyuta.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ata kule réseau iko mubaya."