Posa kwa Mbio

Mzee mmoja wa Argosi, mji wa Ugiriki ya kale, aliwaambia waliokuja kumposa bintiye Nikeso washindane mbio. Atakayekuwa wa kwanza kugusa shela lake ndiye atakayemwoa. Nikeso akasimamishwa mwisho wa uwanja, chini ya mzeituni, amejifunika shela hilo.

Waposaji walipojipanga upande wa pili, Nikeso alilitundika shela kwenye mzeituni, akauvuka uwanja mbele ya watu wote, akasimama katikati ya waposaji. Akapandisha kanzu juu ya magoti na kuikaza kwa mshipi.

"Rudi ulikokuwa, mwanangu," baba alisema kwa sauti ya chini. "Zawadi haikimbii."

"Shela liko kule, baba. Ulisema wa kwanza kuligusa."

Mposaji mmoja akacheka. "Mwache, mzee. Tutamngoja huko mbele aje akihema."

Nikeso hakumtazama. Kwa vidole vya miguu alikuwa akitafuta mfuo uliochongwa kwenye jiwe la kuanzia. Jiwe lilikuwa la moto. Kidole gumba kikaingia mfuoni, kikanata.

Baba aliutazama mguu ule. Mkono wake wa kuanzisha mbio ulikuwa tayari juu.

"Wewe unayecheka," alisema, "sogea kidogo. Mpe nafasi."