Mkuu wa Chuo Asiyeuma Wakubwa

Zamani wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao kando ya mto, kiti cha mkuu wa chuo kilibaki wazi. Kiboko, mwenyekiti wa baraza, akamteua Mamba. Digidigi, mwanafunzi asiyetulia hata akiwa amelala, akamwendea Kiboko mbio.

"Mzee, mbona hamkutuuliza sisi wanafunzi, wala walimu, wala wapishi?"

"Mamba namjua. Miaka nenda miaka rudi tunaoga pamoja, hajawahi kunigusa."

"Wewe hakugusi, mzee. Sisi je?"

"Mwanafunzi ni mpita njia. Nenda kasome!"

Digidigi hakusoma. Alizunguka mabweni akinong'ona mlango kwa mlango, hadi chuo kizima kikahamia kichakani, walimu na wapishi wakiwemo.

Muhula ulipofunguliwa, Kiboko akamleta mwanawe kuanza masomo. Mamba akamlaki mtoto kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza Kiboko akayaona yale meno. Akamkokota mwanawe mbio hadi kichakani.

"Kijana," akamwambia Digidigi akihema, "ninyi mngemchagua nani?"

Digidigi akamtazama mtoto aliyejibanza nyuma ya Kiboko.

"Leo, mzee, tuanze kwa kumuuliza huyu."