Kitufe Kinachohamahama

"Rudisha kushoto," shangazi alisema, kidole chake chenye vumbi la msasa kikigusa kioo cha kompyuta. "Hapo kimeziba njia. Mtu akiingia kwangu asijikwae."

Kwa shangazi, tovuti ya karakana yake ya samani ilikuwa sebule tu. Fundi wa tovuti, binti wa kaka yake, alikivuta kitufe cha kuagiza hadi kushoto, chini ya picha ya kabati. Asubuhi nzima hakuna kisanduku cha ukurasa huo kilichotulia hata kwa muda wa kumeza mate.

"Sasa kipandishe. Kimejificha kama mwali."

Akakipandisha. Simu ya shangazi ikalia, naye akaiweka kwenye spika ili mkono ubaki huru kuelekeza.

"Mama, nalitaka lile kabati," mteja alisema, kama mtu aliyechoka kwa mbio. "Lakini kila nikienda kubonyeza pa kuagizia, pamehama. Nakikimbiza kitufe chenu kama kuku."

Fundi akatazama pembe ya juu ya kioo. Palipotakiwa kuandikwa "Rasimu" palikuwa pameandikwa "Hewani". Akakiachia kipanya. Kumbe tangu asubuhi walikuwa wakihamisha vyombo wageni wakiwa sebuleni.

"Shangazi," alinong'ona, "watu wanatuona."

Shangazi hata hakushtuka. Alivuta kiti, akakaa, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Pole, mwanangu. Hebu tuamulie, maana mimi na huyu mtoto tumeshindwana. Wewe ungependa kikae wapi?"

"Popote, mama. Ila kikae."