Redio Mbili Zikitazamana

Mguu wa Mzee Gitaa haukutulia tangu binti yake alipoweka simu kwenye meza ya useremala. Fundi huyu hajawahi kushika gitaa. Jina alipachikwa na majirani kwa kuishabikia bendi moja ya roki ya Waingereza kupita kiasi.

Wiki hiyo redio ilikuwa imeitafuna kanda yake ya wimbo wa bendi hiyo. Aliirekodi zamani chumbani, redio mbili zikitazamana, moja ikiimba na nyingine ikinasa, mkewe akiwa bado hai na binti huyu akiwa mchanga.

"Sikiliza, baba. Wimbo wako uleule, safi, hauna hata mkwaruzo."

Ngoma zikaingia. Mzee akaanza kuimba Kiingereza chake cha kuokoteza. Gitaa lilipopanda, akanyamaza ghafla, akainama hadi sikio likakaribia kugusa simu, vumbi la mbao likimdondoka kwenye nyusi.

Gitaa likapanda, likashuka.

"Rudisha nyuma kidogo."

Binti akarudisha. Mzee akasikiliza tena, vidole vikigongagonga ubao.

"Kwani vipi, baba? Si ndio wenyewe?"

"Hapa gitaa linapopanda, mama yako hufoka, 'Zima hilo dude, mtoto kalala!'"

Akaigeuza simu, akaitazama mgongoni.

"Wamempeleka wapi?"